Viatu Vilivyooshwa

Protus alipotua Busibwabo kutoka Denmark, hakuna aliyemuuliza habari za baridi wala za wazungu. Walimcheka tu. Eti mtoto wa Zilpa amekaa Ulaya miaka yote hiyo akisomea vumbi!

"Kwani vumbi ya hapa Busia haikukutosha?" baba yake mdogo alimuuliza mbele ya watu, na kiwanja kizima kikaangua kicheko.

Protus alishazoea, akawaeleza. Kule Greenland kuna barafu nene kuliko mlima, imelala tabaka juu ya tabaka tangu zama ambazo hakuna babu anayezikumbuka. Wanaitoboa kwenda chini, wanatoa vipande virefu kama miwa, wanaviyeyusha, wanachuja yale maji. Kinachobaki kwenye chujio ni vumbi lililopeperushwa na upepo kutoka nchi za mbali. Ukilitazama vizuri kwa darubini, unaweza kukisia lilitoka wapi.

Loo, mdomo huponza. Mama yake aliinuka papo hapo, akaingia ndani, akarudi na viatu vya Barasa.

Barasa alikuwa mdogo wake Protus, dereva wa lori. Mwaka uliopita, sabini na saba, alivuka mpaka wa Malaba na mzigo wa chumvi, hakurudi. Siku hizo ng'ambo ya mpaka, chini ya wanajeshi, watu walikuwa wanapotea hivi hivi tu. Lakini juu ya Barasa kulikuwa na maneno mengine: ana mwanamke Mbale, amejikalia huko anakula raha. Sasa wazee wangefanya nini? Aliyekufa mwili usipatikane huzikiwa mgomba mahali pake, na mgomba ulikuwa umeshakatwa, umelazwa kando ya nyumba. Ila mtu aliyemtoroka mkewe hazikwi. Ukimzikia mgomba naye yu hai, umeita mkosi nyumbani kwako. Basi Nasimiyu, mke wa Barasa, hakuwa mke wala mjane, na kila akienda soko la Amagoro wanawake walimtazama wakinong'ona.

Viatu vililetwa na Akurut, mwuza nguo kuukuu. Alivikuta vinauzwa Tororo, akavitambua kwa kiraka cha kisigino.

"Wewe ndio unajua vumbi," Zilpa alimwambia mwanawe. "Kama alikuwa anakaa Mbale, hivi vitasema. Kama alikuwa anarudi kwake, vitasema pia. Utakachosema, wazee watafuata."

Protus alivipokea. Vilikuwa vinang'aa, jamani, hata nyuzi za soli zilikuwa safi.

"Nani ameviosha?"

"Ni mimi, shemeji," Nasimiyu alisema. "Viatu vya mwenye nyumba vikitoka safari, havilali na uchafu. Siku ile Akurut alileta, niliosha."

"Na ni mimi nilimfundisha hivyo!" Zilpa alisema, akajishika kichwa.

Protus akaenda nyuma ya nyumba na vile viatu. Tangu apate habari za ndugu yake alikuwa amekufa ganzi. Hakulia kwenye ndege, hakulia alipomkumbatia mama. Hata sasa, akikwangua ngozi ya ndani kwa kisu, aliona mikono inafanya kazi tu. Ngozi ilibanduka. Chini yake hapakuwa na kitu. Kule kazini chujio likitoka tupu unaandika tupu, unakwenda kula. Na hata vingekuwa vichafu, udongo wa Mbale na wa Malaba ni ule ule, asingeweza kuutenganisha.

Akarudi kiwanjani.

"Ni tope la mto Malaba," alisema. "Liliingia chini ya ngozi, maji hayakulifikia. Aliondoka kwa lori, miguu mikavu. Hili alilipata akijaribu kuvuka kwa miguu. Alikuwa anarudi nyumbani, hakufika."

Zilpa alipiga ukelele. Wazee hawakungoja neno la pili: mgomba ukafungwa shuka, ukateremshwa kaburini, na Nasimiyu akatupa udongo wake kama mjane. Wanawake wale wale wa Amagoro walimshika mkono wakimlilia. Protus naye alitupa wake, hakusikia uchungu wowote, akajichukia.

Jioni watu walipopungua, Nasimiyu alimletea chai.

"Shemeji, ile ngozi ya ndani niliing'oa siku ile," alisema kwa sauti ya chini. "Nilisugua chini yake na kijiti, nikaanika, nikabandika tena na gundi. Hakukuwa na tope."

Protus aliweka kikombe chini. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Nisamehe, Nasimiyu."

"Sijakuja kwa msamaha." Alivuta kigoda, akaketi, akafunika magoti kwa leso. "Sema tena. Alivukia wapi?"

Protus alimtazama. Hakuona hasira wala mzaha usoni mwake.

"Pale chini kwa mafunjo," alisema polepole. "Mbali na daraja, askari wasimuone."

"Maji yalimfika wapi?"

"Magotini. Mvua ilikuwa haijaanza."

"Na hakuvua viatu?"

Protus alijigusa shavu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, ya kwanza tangu apate habari.

"Hakuvua," alisema. "Alikuwa na haraka ya kufika."

Nasimiyu alitikisa kichwa kukubali, akamsogezea chai.

"Kunywa kwanza," alisema. "Halafu uniambie tena."