Kofia ya Babu Kombo

Duka la mtandaoni la shirika la kazi za mikono lilikuwa na sharti moja: kila bidhaa ipigwe picha peke yake juu ya karatasi nyeupe, bila mtu. Kwa mikeka ya Fukayosi na makawa ya kufunikia chakula, sharti hilo halikuwa na taabu. Kwa kofia nyeupe za viua, zilizotobolewa na kushonwa kwa mkono, lilikuwa balaa. Matundu yote yalipotea ndani ya weupe.

"Zinafanana na bakuli," alisema Najim. "Nivae mimi basi. Kwa kichwa cheusi hiki, hakuna kiua kitakachojificha."

"Na hayo masikio tumuuzie nani?" alijibu Shadya, jicho kwenye kamera.

Wote wawili walikuwa wanafunzi wa upigaji picha hapo Bagamoyo. Kofia ya mwisho mezani Shadya aliijua kabla ya kuishika. Mama yake ndiye aliyeitoa kwa shirika, akisema nguo isiyovaliwa huliwa na mende sandukuni. Bibi aliishona kwa ajili ya Babu Kombo, na babu akafa kabla ya kuivaa. Mwaka jana bibi naye alifariki. Shadya hakuulizwa, na kofia aliitaka.

Alikumbuka ua wa nyumbani kabla ya sala ya Ijumaa: kofia za babu zimetiwa wanga wa muhogo, zimevishwa juu ya sufuria zilizopinduliwa, zinakauka juani. Kisha bibi alimvisha babu, akamzunguka mlangoni akikagua viua.

"Tulia, bwana. Huendi safari."

Babu alitulia.

"Nikiipiga vibaya," alisema Shadya, "haitawekwa dukani. Itarudi nyumbani."

"Ipige vibaya. Mimi sijaona kitu."

Shadya akaipiga kama ilivyokaa. Picha ikatoka nyeupe tupu. Shadya aliitazama kwa muda. Kazi ya mkono wa bibi ilikuwa humo, na haikuonekana hata kidogo. Akaifuta. Akachukua kitambaa cheusi ambacho Najim alifunikia kamera, akakijaza ndani ya kofia, akaigeuza kidogo kidogo huku akipiga.

Viua vikajitokeza, safu kwa safu, hadi kisogoni. Hapo palikuwa na sehemu ya ukubwa wa dole gumba isiyo na tundu. Shadya alisogeza kamera. Zilikuwa alama za penseli za viua ambavyo bado havijatobolewa. Akazipiga picha nazo, kwa karibu.

Bi Nasrin, msimamizi wa duka, aliikuza picha kwenye kompyuta.

"Hii haijamalizwa, mwanangu. Siwezi kumtumia mteja. Mrudishie mama, mwambie tunashukuru."

Nyumbani, mama aliipeleka kofia dirishani, akapitisha kidole kisogoni.

"Kumbe bibi yako aliishia hapa," alisema. "Sisi tukadhani kamaliza."

Akaenda jikoni kutafuta wanga.

"Usiiloweshe, mama. Penseli itafutika."

Mama alisimama na sufuria mkononi. Akaipindua mezani, akaivisha kofia ikiwa kavu vilevile.