Fundi wa Mtaa wa Pili

Wilfrido alivunjika mkono mazoezini, alipojaribu kumrusha juu mwenzake wa ngoma mwenye mwili wa kutosha. Zilibaki siku kumi na mbili tiketi za viti vya Karnivali zianze kuuzwa kwenye tovuti, na katika ofisi ndogo ya Yadira Pertuz, pale Barranquilla, iliyoitengeneza tovuti hiyo, fundi wa programu alikuwa Wilfrido peke yake.

"Bosi, nisamehe," alisema kwa simu kutoka hospitalini. "Ila yule dada naye mzito!"

"Usimsingizie. Nitajie mafundi unaowajua."

Alimtajia watatu. Wa kwanza alibanwa na kazi hadi Aprili, wa pili aliacha kompyuta akafuga nyuki, wa tatu hakupokea simu. Yadira akaandika kwenye kikundi cha waliosoma naye chuo: "Natafuta fundi wa kujitegemea, aanze kesho." Wengi walimtumia vikatuni vya kucheka. Wanne walisema nao wanatafuta. Akipata wa ziada asiwasahau.

Jumapili akaenda kula kwa shangazi yake, Nubia, aliyekuwa jikoni akikaanga arepa za mayai, vile vikate bapa vya mahindi.

"Mbona uso umekushuka? Nani kafa?"

Yadira akamsimulia.

"Na umewauliza kina nani?"

"Watu wote wa kompyuta ninaowajua."

"Ndiyo maana! Hao wote wana kazi. Asiye na kazi, anayemjua ni mama yake."

Akafuta mikono, akampigia Chepa, mwenzake wa kwaya. Wakaanza na habari za magoti, wakaja kwa padri mpya, wakapitia harusi ya mtu. Yadira alikuwa karibu kulia shangazi alipokata simu.

"Mwanawe Chepa, Eliécer Ospino. Miaka ishirini alitengeneza mifumo ya benki, kisha wakapunguza watu. Anakaa mtaa wa pili hapo."

Jina lilimchoma Yadira. Mtu huyo alikuwa amemwomba kazi mwaka uliopita. Yadira aliona umri wake, miaka hamsini na minne, asimjibu hata neno.

"Shangazi, huko siendi. Nitaweka wapi uso wangu?"

"Beba arepa. Aibu haiendi mikono mitupu."

Eliécer alifungua mlango akiwa na kaptura na miwani kichwani. Yadira hakungoja kukaribishwa.

"Don Eliécer, uliniandikia nikakunyamazia. Nilikosa adabu. Sasa nimekwama."

"Walioninyamazia mko kumi na saba, binti yangu. Wewe ndiye wa kwanza kuja na arepa. Pita."

Akafungua kazi ya Wilfrido kwenye kompyuta, akaisoma huku akitafuna polepole. Ghafla akaacha kutafuna.

"Kijana ana kipaji, na ana haraka. Tazama hapa: watu wawili wakibonyeza pamoja, wote wanauziwa kiti kimoja."

"Mungu wangu! Wangepigana jukwaani!"

"Tena mbele ya malkia wa Karnivali."

Kesho yake alianza. Wilfrido alikuja na plasta yake, wakabishana kutwa nzima; mmoja alimwita mwenzake babu, wa pili akamjibu "bingwa wa kurusha". Siku ya mauzo viti vilikwisha kabla ya saa sita mchana, kila kiti na mwenyewe.

"Kule benki mlipunguzwa wangapi?" Yadira akamwuliza.

"Kumi na wawili. Alhamisi hucheza domino kwangu."

"Wana nafasi?"

"Nafasi tu ndiyo tuliyo nayo tele."

Alhamisi Yadira akaenda. Alifungwa domino mara nne bila huruma, akarudi na namba tatu za simu za mafundi, na siku hiyohiyo akawapigia wale wanne wa kikundini waliokuwa wakitafuta.