Kibanio cha Kendi

Kamba ilikatiza jikoni kwa Truphosa kutoka dirishani hadi mlango wa stoo, na vibanio vya nguo vilitua juu yake kama ndege wa mvua kwenye waya. Kila kibanio kilikuwa na jina. Ukutani, nyuma ya kamba, kazi za siku zilikuwa zimeandikwa kwa chaki: kukama mbuzi, kuokota mayai, kuwanywesha kondoo maji, kufagia darasa, kufunga kuku bandani. Kwamboka alivisoma vibanio kimoja kimoja akiwa bado amevaa koti, hadi akafika cha nane. KENDI. Wino wa buluu. Si jina lenyewe lililomchoma, maana alijua kwamba tangu kiangazi mwanawe alikuwa akija hapa karibu kila wikendi. Kilichomchoma ni kuwa wino ulikuwa umefifia. Jina la mgeni huwa jipya. Jina lililofifia ni la mwenyeji.

Truphosa alikuwa dada yake mkubwa. Yeye na mumewe Bethuel walikodi ekari sita nyuma ya Longbridge, pale mji wa Birmingham unapochoka na malisho yanapoanza. Walikuwa na watoto saba, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi katika darasa lenye kengele. Walisomea nyumbani, asubuhi kwenye meza ndefu ya jikoni, alasiri shambani. Hesabu waliijifunza kwa kupima mvua iliyoingia mtungini, na Kiswahili walijifunza mezani: aliyesema Kiingereza wakati wa kula ndiye aliyesugua masufuria.

Kwamboka alikuwa na mtoto mmoja tu, Kendi, mwenye miaka kumi. Waliishi wawili katika vyumba viwili juu ya duka la vitambaa huko Sparkbrook, ndani ya mji. Krismasi tatu zilizopita Kwamboka alizimalizia kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee, akigeuza mito ya watu wasiokumbuka jina lake, huku Kendi akilelewa na jirani yao Halimo. Mwaka huu alikuwa amepata likizo. Alikuwa ameipanga sikukuu ya watu wawili: kuku wa kuoka, filamu, soksi mpya. Ndipo Kendi alipomwomba waje shambani. Kisha, kana kwamba hilo halikutosha, akaomba jingine: kuanzia Januari abaki huku, asome na binamu zake, arudi Sparkbrook Jumapili tu.

"Nitakujibu Krismasi," Kwamboka alikuwa amesema.

Wivu una adabu zake. Hauingii kwa kishindo. Huvua viatu mlangoni, ukaketi pembeni, ukaomba maji. Unapokuja kutahamaki, umeshalala kitandani kwako. Mchana ule wa kuamkia Krismasi, wivu wa Kwamboka uliketi naye mezani. Ulimwonyesha mikono ya Kendi, namna ilivyokomaa viganjani. Ulimsikilizisha sauti yake pia. "Mama Mkubwa, niongeze mafuta?" mtoto aliuliza, kwa Kiswahili laini kama samli, mtoto yule yule ambaye nyumbani alimjibu mama yake kwa Kiingereza, neno moja moja, kama mtu anayekabidhi risiti.

Baada ya chakula Truphosa alileta kikapu chenye vibanio, watoto wakafumba macho na kupiga kura ya kazi za sikukuu. Kila kibanio kikarudishwa kwenye kamba, mbele ya kazi yake. Kendi alipoambiwa amepata kufunga kuku, aliruka hadi kiti kikaanguka.

"Kwani kufunga kuku kuna nini?" Kwamboka alimuuliza Barnabas, kitinda mimba wa miaka mitano.

"Ni kazi ya watu wakubwa, Anti," Barnabas alisema kwa heshima. "Ukisahau, mbweha anakula Krismasi yake kabla yetu."

Watoto walitoka mbio. Jikoni akabaki Kwamboka peke yake. Alisimama mbele ya kamba, akanyoosha mkono, akakibandua kibanio cha mwanawe. Alitaka kukishika tu, naapa hakutaka zaidi ya hapo. Alitaka kukiona kwa karibu kile kilichomshinda. Kidole gumba kilikuwa kikipita juu ya herufi ya mwisho aliposikia hatua, na kwa wepesi wa mwizi asiyejua kuwa ni mwizi, akakitia mfukoni mwa koti.

Truphosa aliingia na beseni la unga. "Vua koti, mdogo wangu. Hapa hakuna zamu ya kukimbilia."

"Nasikia baridi."

"Baridi gani, na wewe una miaka kumi na moja Uingereza? Shika kifimbo, tusukume. Na ole wako chapati zako zitoke kama ramani ya Afrika."

Wakasukuma. Truphosa alisimulia, akacheka, akamsifu Kendi: mwepesi, msikivu, ana mkono wa mifugo. Kila sifa ilimfikia Kwamboka kama shukrani anayopewa mtu kwa kitu alichoazimisha, na asiyeambiwa kitarudi lini. Saa kumi kasorobo, nje kukianza kuingia kiza, Kendi aliingia akihema, akatazama kamba, uso ukamchanua.

"Mtu amenifanyia yangu!" alipiga kelele. "Nani? Tevin, ni wewe?"

Tevin, mkubwa wa wote, alitabasamu bila kujibu. Wengine wakacheka. Kwamboka alidhani ni mchezo wa watoto. Aliendelea kusukuma chapati, kibanio kikimgusa kiunoni.

*

Asubuhi ya Krismasi, katika nyumba ile, hakuna aliyetia kitu kinywani kabla ya wanyama. "Asiye na mdomo wa kuomba hula kwanza," Bethuel alisema, kama alivyosema kila mwaka, na watoto wakatoka na nguo za kulalia na gambuti, wakiimba. Wimbo ulikatika njiani. Tevin alirudi kwanza, ndoo mkononi, punje zikiwa bado zimejaa.

"Mlango wa kuku ulikuwa wazi," alisema. "Wamebaki watano."

Walikuwa kumi na wanne.

Walikusanyika wote mezani. Truphosa hakupaza sauti. "Kufunga kuku ilikuwa zamu ya nani?"

"Yangu," Kendi alisema. "Lakini kibanio changu hakikuwepo, Mama Mkubwa. Nilijua nimepewa zawadi."

Truphosa aliwageukia watoto wake. "Nani alimfanyia Kendi zawadi?"

Hakuna aliyeinua mkono. Kwamboka alitia mkono mfukoni mwa koti, akakigusa kibanio. "Zawadi gani?" aliuliza, na sauti yake ikatoka nyembamba.

"Hapa kwetu, shemeji," Bethuel alimweleza, "kazi ikiisha, kibanio kinatolewa. Na mkesha wa Krismasi hatupeani vitu. Mtu anamfanyia mwenzake kazi kwa siri, kisha anakitoa kibanio chake. Ukikuta chako hakipo, unashukuru, huulizi."

"Labda alikitoa mwenyewe," Barnabas alisema, bila ubaya, kama mtu anayejaribu jibu la hesabu.

"Sikukitoa!"

"Basi nani?" Tevin aliuliza. "Sisi hatudanganyani hapa."

Kendi aliwatazama mmoja mmoja. Nyuso zote saba zilikuwa zimebadilika kidogo, kama mlango unaporudishwa bila kufungwa. Alitoka mbio kuelekea chumba cha wageni, na Kwamboka akamfuata.

Alimkuta anasukuma nguo ndani ya mkoba. Mtoto alimrukia, akamkumbatia kiunoni, akalia kwa Kiingereza, maneno yakigongana: wanafikiri mimi ni mwongo; kuku wangu mweupe hayupo; nipeleke nyumbani, Mama, leo hii; nitasoma shule ya kule kule; sitaki kurudi hapa tena, kamwe.

Kamwe. Kwamboka alilisikia neno hilo likimwingia kama chai ya moto mtu atokapo kwenye baridi. Hakuwa ameomba zaidi ya hili. Hakuhitaji hata kukataa. Angenyamaza tu, na Januari ingejijibu yenyewe. Wangefika Sparkbrook kabla ya giza. Wangetazama filamu. Mtoto angelala kifuani pake kama alivyolala alipokuwa na miaka minne, na kila kitu kingerudi mahali pake.

Alimkaza zaidi, na hapo, katikati ya mwili wake na wa mwanawe, kibanio kikawachoma wote wawili.

"Una nini mfukoni?" Kendi aliuliza, akijitoa.

Kazini Kwamboka alikuwa amesafisha vidonda vingi. Alijua kidonda kinachofunikwa kikiwa kichafu hupona juu tu, kwa kuwadanganya wanaotazama, huku chini kikila nyama. Aliwahi kuwafundisha hayo wahudumu wapya, kwa sauti kavu, kidole juu.

"Njoo jikoni," alisema. "Nataka wote wasikie."

Alikiweka kibanio mezani, kando ya sinia la chapati ambazo hakuna aliyezigusa. KENDI, wino wa buluu.

"Ni mimi," alisema. "Nilikitoa jana mchana. Sikujua maana yake, lakini nilikitoa. Na muda wote mlipokuwa mkimuuliza mtoto, kilikuwa mfukoni mwangu."

"Kwa nini?" Truphosa aliuliza.

Kwamboka alikigusa kibanio kwa kidole. "Kwa sababu jina lake limefifia kwenye kamba yako, dada."

Jambo lilimpita Truphosa machoni ambalo Kwamboka hakuweza kulisoma, na kisha hasira ikalifunika. "Kuku tisa, Kwamboka," alisema. "Na mtoto wako mwenyewe umemwacha aitwe mwongo mbele yako."

"Najua."

"Unajua," Truphosa alirudia, akageuka kutazama dirisha.

Tevin aliinuka, akamsogelea Kendi. "Samahani," alimwambia, akiangalia gambuti zake. Kendi alikuwa akimtazama mama yake kama mtu anayeisoma barua mara ya pili. Kisha akachukua ndoo ya punje na kutoka, na wengine wakamfuata, kwa kuwa mbuzi walikuwa wakilia, na mbuzi hawajui kuwa watu wamegombana.

Hakuna aliyempa Kwamboka kazi. Alivaa gambuti za Truphosa, zilizompwaya, akachukua koleo na ndoo ya maji, akaenda kwenye banda la kuku. Aliokota manyoya kwa mkono, meusi, mekundu, meupe. Alisugua mbao kwa brashi mpaka magoti ya nguo yake ya sikukuu yakawa tope. Kuku watano walikuwa wamejikunyata juu ya papi la mbao, wakimtazama kwa jicho moja moja. Hakuwaomba radhi. Aliwabadilishia nyasi za kulalia, akazitandaza kama anavyotandaza shuka za wazee, pembe zikiwa zimenyooka.

Mchana walikula. Ilikuwa Krismasi, watoto hawawezi kununa siku nzima; walimaliza kwa kuimba na kugombea shingo ya bata. Kendi aliketi upande wa pili wa meza.

Wakati wa kuosha vyombo, Kwamboka alisimama kando ya dada yake na kitambaa cha kupangusia. "Akitaka kubaki Januari," alisema, na kila neno lilikuwa na uzito wa gunia, "abaki."

"Usiniambie mimi." Truphosa alimpa sahani bila kumtazama. Baada ya sahani tatu akasema, kwa sauti ya chini, "Nina saba, Kwamboka. Wote wananiita kwa pamoja. Sijui kama kuna hata mmoja anayenitazama mimi peke yangu, kama yule wako anavyokutazamia mlangoni Jumapili, basi lako linapochelewa." Akazamisha mikono majini. "Pangusa vizuri hiyo."

Saa kumi kasorobo, Kwamboka aliinua macho kwenye kamba. Kibanio cha Kendi kilikuwa kimerudi, kimebana palepale: kufunga kuku. Haikuwa zamu yake leo; bila shaka alikibana mwenyewe. Kidole kilimwasha Kwamboka, akakirudisha chini ya kitambaa.

Nje, mwisho wa bustani, tochi ilikuwa imesimama pahali pamoja. Haikusogea. Alingoja isogee, isisogee. Akavaa zile gambuti.

Kendi alikuwa mbele ya banda, mlango ukiwa wazi. Hakugeuka. Alipoanza kusema, Kwamboka alijiandaa kwa Kiingereza.

"Wako wanne," mtoto alisema kwa Kiswahili. "Mmoja hajaingia. Siwezi kufunga."

"Tumtafute?"

Hewa ilimtoka Kendi mdomoni kama moshi mdogo. Kisha akamnyooshea mama yake tochi.

"Shika. Usimmulike machoni, atakimbia."

Wakaingia kwenye nyasi zenye baridi, mtoto mbele, mama nyuma, mwanga ukiwa chini miguuni mwao, wakiita kwa sauti za chini. Nyuma yao dirisha la jikoni lilikuwa limewaka. Watu walipita na kurudi, vyombo viligongana, mtu alicheka. Na kwenye kamba, kikiwa peke yake sasa, kibanio kimoja kilining'inia, na kila aliyepita alikiacha mpaka mwenyewe arudi.