Redio ya Kufukuzia Ngedere

"Masikio haya hayajawahi kupima wimbo kwa kiredio cha kopo, wala hayatapima!" alisema Gasper, mkono kifuani kama anayeapishwa ukuu wa wilaya.

Enzi hizo za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, Kibiti nzima kila mwenye jenereta na kinanda alijiita studio. Gasper, mtoto wa nesi, alikuwa navyo vyote, na juu ya hivyo spika mbili ndefu kama makabati ya harusi. Kwenye spika hizo wimbo wa Kudra ulinguruma hadi vikombe vya jirani vikatembea mezani.

Kudra alikuwa amechoka kuimbia harusi za watu. Alitaka sauti yake ifike hadi vijiji vya Mloka na Ngarambe, na njia ilikuwa moja tu: Tamimu, muuza kanda wa stendi, ambaye hakubali wimbo mpaka aujaribishe kwenye kiredio chake cha spika moja.

Akaujaribisha. Besi ikafia njiani, kinanda kikalia kama nzi chupani, Kudra hakusikika kabisa.

"Kaka, mwimbaji umemfungia wapi?" Tamimu akauliza. "Wateja wangu wana redio kama hii. Rudia mara moja. Isipofaa, tusisumbuane."

"Na mimi naenda zangu Dar," Kudra akaongeza.

Basi Gasper akaingia dukani kwa Nassibu kuchagua spika ndogo ya kuupimia wimbo, na huko ndiko alikotia fora. Ya kwanza akaibania pua: "Inakwaruza." Ya pili: "Ina mafua." Ya tatu ikaimba tamu, besi ya asali, akaibeba hiyo! Mtu anatafuta kioo cha kumwonyesha tongotongo, anachagua kinachompaka poda.

Kudra alipoisikia akasonya. "Mbovu ndiyo tunayoitaka, we Gasper! Nenda kwa mama yangu shambani."

Mama yake Kudra, Bi Mwamini, alikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, imetundikwa kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga. Kazi yake kufukuza ngedere. Gasper akaiazima, akaiviringisha shuka kama maiti ya kichanga.

Redio ile haikuwa na huruma. Kila alichojivunia, ilikimeza. Akateremsha kinanda, akapandisha sauti ya Kudra, akateremsha tena, mpaka maneno yakatoka wazi.

Safari hii kiredio cha Tamimu kilimtoa Kudra neno kwa neno, na makondakta wakaitikia. Tamimu akazikumbatia kanda.

"Umefanyaje, kaka?"

Gasper akanyoosha kola. "Spika kubwa, bwana. Na masikio. Vikopo nawaachia nyinyi."

"Mwanangu!" Bi Mwamini alikuwa nyuma yake, jembe begani. "Ukishamaliza na redio yangu nirudishie. Ngedere wanakula mpunga kwa kujinafasi."

"Shikamoo, mama. Redio... redio gani tena?"

"Marahaba. Ile uliyoivika shuka langu, ukapita nayo njia ya makaburini watu wasikuone."