Amina ya Meneja Muthamia

Niliambiwa ninyamaze. Tena niliambiwa mapema, tukiwa bado Embu, kabla hata dereva hajawasha gari. Bosi wangu Hezekiah Mutugi, mwenyekiti wa vikao vya tume yetu inayosimamia kampuni za maji, alinigeukia akasema kazi yangu kule Meru ni kubeba mafaili na kuandika kila neno litakalosemwa kikaoni. Kuongea, alisema, kuna wenyewe.

Haya basi. Unasoma sheria mpaka macho yanauma, mama anaweka cheti chako sebuleni juu ya televisheni wageni wakione, halafu unaajiriwa wakili wa serikali ubebe mafaili. Lakini nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na barua ya kunithibitisha kazini ilikuwa inangoja sahihi ya mzee huyo huyo. Nikabeba mafaili. Jina langu ni Gatakaa, mtu wa Meru, na wenzangu wa Embu wana mzaha wao kwamba Mmeru huwa hakasiriki, ila huamka kama tayari amekasirika. Siku hiyo sikutaka kuwapa ushahidi.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Kampuni moja inayoitwa Chemchemi ya Mlima ilitaka kibali cha kuufunga mfereji wa umma, yaani bomba la maji lililo kando ya soko la Gakoromone, kwa sababu eti hautumiki. Kwenye faili walikuwa wameweka picha: mfereji peke yake, hakuna mtu, hakuna hata mtungi. Mimi nimepelekwa Gakoromone tangu nikiwa mgongoni kwa mama, na sijawahi kuuona ule mfereji bila foleni na matusi. Wamama wa soko huoshea karoti hapo, na chai ya soko zima inapikwa kwa maji hayo. Ukifungwa, ni kushuka mpaka mto Kathita na kupanda tena na mtungi mgongoni, kila siku, iwe mvua, iwe jua. Nilimwonyesha Mutugi zile picha nikamwambia hazinikai vizuri. Akanijibu kwamba tume haiamui kwa hisia za Gatakaa. Pingamizi likiingia kwenye kumbukumbu za kikao, atalitazama. Lisipoingia, kibali kinatoka na mfereji unafungwa.

Kikao kiliwekwa ukumbi wa kanisa pale Makutano, siku ya soko. Nani alichagua siku ya soko, usiniulize, lakini kampuni ndiyo iliyolipia ukumbi. Wamama wote walikuwa kwenye biashara zao. Viti vilikuwa vimejaa wafanyakazi wa kampuni, wamevalishwa fulana mpya, na wote walikuwa wamejiandikisha kwenye tovuti kutoa maoni. Mbele yao alikaa meneja wao, Bwana Muthamia, ambaye pia ni mzee wa kanisa katika kanisa hilo hilo. Pembeni yake alikuwa wakili wa kampuni, Koome, suti ya bluu, viatu vinang'aa mpaka unaona aibu ya viatu vyako.

Mtu wa soko alikuwa mmoja tu. Shosho Karwirwa, muuza karoti, alikuwa amemwachia jirani yake Saado meza yake akaja na leso kichwani na udongo bado uko kwenye kucha. Wenzake walikuwa wamemtuma. Pasta wa kutufungulia kwa maombi alikuwa amechelewa, na Mutugi hapendi kuchelewa, kwa hivyo alitangaza kikao kimefunguliwa na akaanza kusoma masharti. Shosho akasimama akasema ana neno kuhusu mfereji.

Koome aliruka kama aliyekaa juu ya siafu. Akasema masharti ni wazi, asiyejiandikisha kwenye tovuti kufikia Ijumaa hana ruhusa ya kuongea. Mutugi akamuuliza mama kama alijiandikisha. Shosho akatoa simu yake ya tochi, isiyofungua tovuti yoyote, akamwonyesha, akairudisha kifuani. Mutugi alisikitika kweli, nilimwona, lakini yeye ni mtu wa masharti. Akamwambia aketi. Nilikasirika mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukumbi: kwani tunaanzaje bila maombi? Watu wakaanza kunung'unika, hata wale wa fulana. Hapa kwetu unaweza kufanya mkutano bila ajenda, bila umeme na bila mwenyekiti, lakini bila maombi huendi popote. Mutugi akauliza nani atatuombea. Na Koome, kwa kutaka kuonekana mwema baada ya kumnyamazisha mwanamke mzee, akatabasamu.

"Mwenyekiti, huyu mama atuombee," akasema. "Angalau asirudi nyumbani bila kusema kitu."

Mungu ambariki Koome.

Shosho akaja mbele, akashika maiki kwa mikono miwili. Tukafumba macho. Ila mimi nilikuwa nimeagizwa niandike kila neno, kwa hivyo nilifumba moja. Alianza polepole. Akashukuru kwa mvua, akashukuru kwa goti la kushoto ambalo limepona, akaomba goti la kulia lifuate. Akamkumbuka mkwe wake kule kwenye mashamba ya maua ya Timau, ambaye ameacha pombe, aendelee hivyo hivyo. Muthamia alikuwa anamwitikia kwa sauti nzito, ndio Bwana, ndio Bwana, maana mdomo wa mzee wa kanisa hauna breki. Kisha Shosho akaingia mjini.

Akamwambia Mungu kuhusu mfereji wa Gakoromone. Alimweleza kwamba karoti yenye udongo hainunuliwi, kwamba wengine pale wana wajukuu mgongoni na Kathita ni mbali, kwamba yeye mwenyewe kule mtoni hafiki, kwa hiyo siku mfereji utakapofungwa ndiyo siku atakayofunga biashara. Na hayakuwa maigizo. Koome akafumbua jicho, likakutana na langu. Angefanya nini? Asimame katikati ya maombi aseme anapinga? Alijaribu ujanja mmoja tu, akasema "Amina" kwa nguvu kama anayefunga mlango. Ukumbi ukaitikia amina. Shosho akasema, "Bado, Baba, sijamaliza," akaendelea.

"Na huyu mtoto wako Muthamia, Baba. Ile wiki alituma askari akafunga hiyo mfereji na kufuli, halafu akaleta mtu wa kupiga picha, umsamehe. Sisi tulimsamehe. Umwondolee hiyo mzigo kwa roho."

"Amina," akasema Muthamia.

Alisema kwa sauti, macho yamefumbwa, mkono kifuani. Alipoyafumbua, ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na mimi nilikuwa nimeshaandika.

Koome alisimama kabla Shosho hajafika kitini. Akadai maneno yote yale yafutwe, kwa sababu mama alikuwa anaongea na Mungu, si na kikao, na Mungu si mhusika wa shauri hili. Mutugi akaanza kutikisa kichwa taratibu, ile ya kukubali. Nilijiambia, Gatakaa, kaa chini, kumbuka barua. Nikajikuta nimesimama.

Nilisema kikao kilikuwa kimefunguliwa na mwenyekiti mwenyewe kabla ya maombi, kwa hivyo kilichosemwa kilisemwa kikaoni. Nilisema aliyetaka mama aseme kitu ni Bwana Koome, na nimemwandika. Na kama ni kufuta, basi tufute yote pamoja na amina ya meneja, lakini mwenye amina aulizwe kwanza kama anairudisha. Mutugi alinitazama kwa jicho ambalo nililisoma vizuri, lilikuwa linasema utanikuta Embu. Kisha akamgeukia Muthamia.

"Bwana Muthamia, ile amina yako tuifute?"

Masikini Muthamia. Kuidanganya tume si kitu, sote tumezoea kudanganywa. Lakini nyuma yake kulikuwa na fulana tele ambazo Jumapili humkabidhi sadaka mikononi, na mbele yake msalaba ukutani. Alitoa leso akapangusa shingo, akamtazama Shosho Karwirwa, akatazama sakafu.

"Iache," akasema. "Kufuli niliweka mimi."

Koome aliketi. Mimi nilitaka kulia, sijui kwa nini. Halafu Mutugi, badala ya kuamua, akafunga faili akasema uamuzi utatumwa kwa maandishi kutoka Embu. Mimi nalijua kabati la Embu. Kuna maamuzi yameingia mle na hayajaonekana tena, na huku kufuli hazihitaji maandishi. Akauliza nani atafunga kwa maombi. Koome akasema haraka tufunge kimya kimya, kila mtu moyoni mwake. Ukumbi ukakataa. Mutugi akaangaza huku na huku akitafuta mtu asiye na hatari, macho yakatua kwangu.

"Wakili Gatakaa. Kwa ufupi."

Watu wakafumba macho, isipokuwa Koome, aliyekaa na kalamu mkononi.

"Baba, asante kwa kikao hiki," nikasema. "Tunamweka mikononi mwako mtumishi wako Hezekiah. Barabara ya Embu ni ndefu, Baba, na kabati la Embu ni refu zaidi. Mpe nguvu akatae kibali hiki hapa hapa, kabla hajapanda gari."

Amina iliyotoka ilitikisa mabati. Lakini sauti moja haikuwamo, na kila mtu alisikia kwamba haimo. Nikabaki nimefumba macho, nikiiaga ajira yangu kimoyomoyo. Kisha Shosho Karwirwa akasema, kwa upole kabisa:

"Mwenyekiti, tunakungojea."

Kiti kikalia. Mutugi akakohoa.

"Amina," akasema. Halafu akafungua faili tena, akaniambia niandike kwamba kibali kimekataliwa na mfereji unabaki wazi.

Dereva hakuwa amemaliza chai yake Shosho aliporudi kutoka sokoni, akasukuma karoti zilizofungwa kwa gazeti kupitia dirisha la gari. Zilikuwa zimetoka kuoshwa, zikanilowesha sketi pamoja na mafaili yote. Mutugi alinisemesha tulipopita Chuka. Hapo akasema barua yangu ataitia sahihi, ila ofisini sitaomba, hata chakula. Akasema pia kwamba zawadi kwa mtumishi wa umma ni lazima itangazwe. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikampa karoti moja, akaitafuna.