Aitwe Mahali Alipoumia

Mama Seline alimsukuma mwanawe hadi kwenye geti la stoo ya simiti, kando ya ziwa, jua likiwa utosini. Dalmas alikaa kimya kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Tangu foklifti ilipombana ukutani hakuwa ametamka neno. Alilishwa, akameza. Macho yake yalitazama mbele tu, kama mtu anayesubiri kitu kimgonge. Daktari alisema mguu utapona, lakini kwa nini haongei hakujua.

Mama alikuwa na tawi bichi mkononi.

"Kwetu Nyakach, mtu akishtuka hivi roho yake hubaki nyuma, huitwa pale pale alipoumia," alimwambia meneja. "Naomba niingie, Bwana Robinson."

"Uingie wapi, Mama? Huyu aligongwa na lori huko nje. Muite barabarani."

Hiyo ndiyo hadithi ambayo kampuni ilikuwa imeiandikia ofisi ya kazi. Ajali ya barabarani isingewahusu, wala matibabu ya Dalmas. Griffin, dereva wa foklifti, aliinamisha kichwa. Yeye ndiye alikuwa kwenye usukani siku ile, na Robinson alikuwa amemwonya: "Ukisema ilitokea ndani, utafungwa wewe, si mimi."

Mama Seline alienda barabarani, akapiga lami kwa tawi. "Dalmas! Bi wadhi dala. Njoo twende nyumbani." Alitega sikio. "Hapa hayuko."

"Labda netiweki iko chini," Robinson alisema, akacheka peke yake.

Mama aliita tena. Upepo wa ziwani ulikatika ghafla. Ndani ya stoo, king'ora cha foklifti kilianza kulia: pii, pii, pii, kile kinachosikika inaporudi nyuma. Griffin alishika mfuko wake. Ufunguo ulikuwemo.

Kisha sauti ya Dalmas ikatoka huko ndani, nyembamba, ya mtu aliyebanwa kifua. "Mama, niko huku."

Kwenye kiti, midomo ya Dalmas ilikuwa imefungwa.

Mlinzi alifungua geti bila kuambiwa. Mama alimsukuma mwanawe mpaka ndani, akasimama katikati ya marundo ya simiti, mbele ya vibarua. King'ora kilikuwa kimenyamaza. Foklifti ilikuwa imetulia pale pale ilipoachwa asubuhi.

"Ni ukuta upi?" aliuliza. "Nikipakosea hatarudi. Nionyesheni, wanangu."

"Hakuna aliyesikia kitu hapa," Robinson alisema. "Griffin, rudi kazini."

Griffin hakusogea. Nangila, karani wa mizani, alimkaribia.

"Griffin, sheria haiulizi kosa ni la nani. Mtu akiumia kazini, kampuni imtibu na imfidie. Hata kibarua."

"Na mimi je?"

"Wewe useme ukweli. Mimi niko na wewe."

Griffin alitazama uso wa Mama Seline, uliojaa vumbi na machozi. Akaenda kwenye rundo lililoegemea ukuta wa nyuma, akabeba mfuko wa kwanza begani. Wenzake walimtazama kwa muda, kisha mmoja akaja, na wengine wakamfuata. Rundo liliposhuka, ukuta ulionekana: umebonyea usawa wa nyonga, rangi mpya juu ya doa jeusi.

Mama aliugusa ukuta kwa tawi. "Dalmas, bi wadhi dala."

Dalmas alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka majini.

"Griffin, usirudi nyuma!" alipiga kelele. "Breki haishiki! Si tulimwambia Bwana Robinson asubuhi hii?"

Kwake bado ilikuwa asubuhi ile. Mama alimkumbatia kichwa.

"Huyu ni mgonjwa, anaota," Robinson alisema.

"Basi aote mbele ya afisa wa kazi," Nangila akajibu.

"Na mimi nitakuwepo," Griffin alisema. "Nilikuambia breki mbovu, mzee. Ukasema tumalize lori kwanza."

Dalmas alijitoa mikononi mwa mama yake, akageukia ukuta tena.

"Mama, usiliweke tawi chini. Kuna mwenzangu huku. Amekaa huku muda mrefu kuliko mimi. Anasema hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuambiwa ni hapa alipoumia."

Vibarua walitazamana. Hakuna aliyejua kisa kingine.

"Anaitwa nani?" Mama Seline aliuliza.

Dalmas alisikiliza, akatikisa kichwa. "Amesahau."

Robinson alikaa taratibu juu ya mfuko wa simiti, suruali yake nzuri ikawa kijivu.

"Wasike," alisema, kwa sauti ambayo hawakuwahi kumsikia nayo. "Ilikuwa kabla yenu. Tulisema alizama ziwani."

Mama Seline akaugeukia ukuta na kuliinua tawi.