Gia Ndani ya Mkono wa Breki

Nilitengeneza taipureta miaka thelathini na miwili, na mengine yote niliyowahi kutengeneza niliyatengeneza kwa mdomo. Nyumbani wanajua, kwa mfano, kwamba niliwahi kukaza boliti ya treni ikiwa mwendoni, nikikimbia kando yake na spana.

Ndiyo maana Ijumaa asubuhi mjukuu wangu aliniletea baiskeli yake ya mbio.

“Babu, si ulisema za hivi umetengeneza mia?”

“Mia na ushei.” Sikuwahi kugusa hata moja.

Kesho yake klabu yake ya baiskeli ilikuwa inajaza nafasi ya mwisho ya timu, kwa mbio za kupanda kilima. Gia ya nyuma ilikuwa imegoma kwenye nzito kabisa. “Nikipanda hivi,” alisema, “wataniacha kona ya kwanza.”

Nikauvuta mkono wa breki wa kulia: breki ikashika. Nikausukuma ubavuni, ukaenda kwa ndani. Nyuma yake kulikuwa na kijimkono kingine, chembamba kama ulimi.

“Kumbe unashika breki na kubadilisha gia bila kuachia usukani?”

“Babu. Mia?”

“Hizo zilikuwa za mkono wa kushoto.”

Akanieleza kama mgeni. Mkono mkubwa ukisukumwa ubavuni huvuta waya, na mnyororo hupanda kwenye gia nyepesi. Kijimkono huachia waya hatua moja, na springi ya nyuma huushusha mnyororo. Sasa ule mkubwa ulikuwa unakwenda na kurudi mtupu, kama mtu anayeitikia huku hasikilizi.

Nikachukua bisibisi.

“Ukifungua, utaweza kurudisha?”

Bibi yake, aliyekuwa akikunja nguo mlangoni, hakuinua hata kichwa. “Mwambie, mzee, kabla springi hazijaruka.”

Nikaiweka bisibisi chini. “Sijawahi kufungua hata moja.”

“Hata ya kushoto?”

“Hata ya kushoto.”

Hakucheka. Alikaa chini kando ya gurudumu. “Basi unajua nini, babu?”

“Taipureta. Ina gurudumu la meno, na kidole cha chuma kinacholishika jino kwa jino. Ikikaa bila kazi, mafuta huganda na kidole hulala. Hii ilikaa wapi?”

“Stoo ya klabu, kabla sijapewa. Miaka miwili.”

Kwa mafundi wa taipureta, mashine iliyolala huoshwa kabla ya kufunguliwa. Tukafunika magurudumu na breki kwa matambara, nikadondosha mafuta ya taa kwa bomba la sindano ndani ya mkono, naye akawa anasukuma. Arobaini, hamsini, mtupu. Uchafu wa kahawia ukaanza kuchuruzika. Akasukuma tena.

Tak.

Tukatazamana. Nikainua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kwa mkono. Tak, mnyororo ukapanda. Tak, ukapanda tena. Nikamalizia kwa mafuta mepesi ya cherehani.

Jumamosi nilisimama kona ya pili, pale kilima kinapokaza. Walikuja wanne, yeye wa mwisho. Mbele yangu mkono wake ulikwenda ubavuni, miguu ikawa miepesi, akampita mmoja, kisha wa pili. Aliyebaki, mjukuu wangu alimpita juu kabisa, kwa urefu wa gurudumu. Nafasi ikawa yake.

Nilipomfikia, nilitaka kujua jambo moja tu: ile tak ilimlilia mara ngapi?

“Sikuhesabu, babu,” akasema, amelalia usukani. “Nilikuwa natafuta pumzi.”